Mama Kapinga ni Mtu wa Nani?

Jana uliponiambia kwamba ninyi vijana wa parokia mmepanga kuwaita maskini mbele ya altare siku ya Noeli, mmoja mmoja kwa jina lake, wapokee mchele na nguo huku mkiwapiga picha, nilinyamaza. Ulidhani nimesinzia, ukanifunika miguu kwa kitenge, ukaondoka polepole. Sikusinzia, mwanangu. Nilikuwa nimekumbuka Jumapili moja ya zamani sana, hapa hapa Kamina, na nilikawia kutoka huko. Leo nimetoka. Kaa kwenye kiti cha babu yako, weka simu yako mfukoni, nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile ya Wabelgiji, kituo kikubwa cha ndege kilipokuwa kikijengwa nje ya mji na Kamina ikajaa watu kutoka kila upande. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Babu yako Ilunga alifanya kazi ya reli, katika ekipe ya watu wa kutengeneza njia. Walinyanyua mataruma, wakakaza skrubu, wakashindilia mawe tangu asubuhi mpaka jua lishuke. Alirudi akinuka mafuta na jasho, na mimi, usicheke, niliipenda ile harufu. Tuliishi kwenye kibanda cha udongo na nyasi pembeni mwa kambi ya wafanyakazi, kwa sababu nyumba za matofali za kambini hazikutosha wote. Mvua ikinyesha nje, na ndani ilinyesha, na nilijua kila sufuria ikae wapi.

Zile nyumba za kambini zilikuwa na sakafu ya simenti. Leo unaona simenti kila mahali, huwezi kuelewa. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na wakati nikitwanga mihogo nilijiona nimemwaga maji kwenye sakafu ile, naisugua mpaka inang'aa, mtoto anatambaa bila kula udongo. Wanawake wengine waliota vitenge vya kutoka Elisabethville. Mimi niliota sakafu.

Na mchana kutwa treni zilipita. Zilitoka kusini kwenye migodi, mabehewa yamejaa shaba, zikapita hapa Kamina kwenda Kasai, na kutoka huko mpaka bandarini, shaba ivuke bahari. Tulizoea kuziona. Hakuna aliyetuuliza neno kuhusu shaba ile, na sisi hatukuuliza ilikuwa inakwenda kwa nani.

Katika ekipe ya babu yako alikuwamo mtu mmoja wa Kasai aliyeitwa Kalonji. Alikuwa mtu wa mizaha, akiimba kazini mpaka kapita wao, yaani msimamizi wa ekipe, anasahau kukasirika. Mkewe aliitwa Kapinga. Walikuwa na watoto watatu, mkubwa akisoma shule ya misheni, mdogo bado ananyonya. Siku moja pale stesheni behewa lilirudishwa nyuma bila mtu kupiga filimbi, na Kalonji alikuwa katikati ya mabehewa. Wenzake walimbeba mpaka hospitali, lakini alikuwa ameshakwenda. Tulimzika hapa.

Matanga yalipokwisha, karani wa kambi akamwita Kapinga. Akamwambia kwa adabu kabisa, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba nyumba ile ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi amekufa. Posho ya unga na maharage imekatika. Mwisho wa mwezi aondoke, na atapewa tikiti ya treni arudi kwao Kasai. Kwao! Kapinga alitoka Kasai akiwa mtoto, ameletwa na shangazi yake, na shangazi mwenyewe alikuwa ameshafariki. Kwenye stesheni ambayo wangemteremsha na watoto wale hakumjua hata mtu mmoja.

Nyumba ile wakampa nani? Wakampa babu yako. Aliingia jioni, akafungua kiganja, nikaona funguo. Nitakwambia kweli: moyo wangu uliruka kwa furaha, kisha ukaanguka papo hapo nilipojua ni nyumba ya nani. Kapinga alikuwa jirani yangu. Tulichota maji pamoja. Ilunga aliitia funguo mfukoni, akasema hana njaa, akalala akiutazama ukuta.

Basi ikafika ile Jumapili. Padri, Mzungu mmoja mwenye ndevu, alikuwa amekwenda kuzunguka vijiji vya upande wa Kabongo, na ibada iliongozwa na mkatekista wetu, Tata Banza. Huyu alikuwa mtu wa hapa hapa, mkulima mwana wa mkulima, mpole, ndiye aliyenifundisha sala nikiwa mdogo. Wakristo wa Ulaya walikuwa wametutumia magunia ya nguo. Nguo zile zililetwa na treni zilezile zilizopeleka shaba, zikiwa zinarudi. Tata Banza alizipanga vizuri mezani, akasoma Injili kwa Kiluba: heri ninyi balanda. Akafunga kitabu, akasema kwamba leo kanisa litawakumbuka balanda wake, na jina la kwanza aliloita lilikuwa la Kapinga.

Sasa sikiliza neno hilo, mwanangu, maana nyinyi siku hizi Kiluba chenu ni cha kusalimia tu. Mulanda, mmoja wa hao balanda, ni maskini. Lakini pia ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na ndugu wa kumlilia. Neno ni hilo hilo moja. Tata Banza alikusudia maana ya kwanza, na ndivyo lilivyoandikwa kwenye kitabu. Ila Kapinga, ambaye Kiluba cha kwao Kasai na hiki chetu vinapishana, hakulijua. Akaniinamia sikioni.

"Mulanda njo nini?"

Ningeweza kumwambia maskini, neno analolijua. Lakini nilijibu harakaharaka, kama mama yangu angenijibu mimi.

"Njo muntu mwenye hana na bantu."

"Mwenye hana na bantu?"

"Ee."

Alinipa mtoto wake nimshike. Akatembea mpaka mbele, ameshika kitambaa chake cha matanga kichwani. Tata Banza akamnyooshea gauni la bluu lenye kola nyeupe, kanzu kama tunavyoita hapa, zuri, nadhani lilikuwa zuri kuliko zote. Kapinga hakulipokea. Alitugeukia. Hakupiga kelele wala hakulia, na mpaka leo naisikia sauti yake.

"Bandugu, Tata Banza ananiita mulanda. Banasema ni muntu hana na bantu. Minyi ninauliza tu. Kalonji alikuwa anakula na nani mu ekipe? Batoto yangu banabatizwa mu kanisa gani? Kila siku ya Mungu tunasema Baba Yetu. Ile 'yetu' iko ya banani? Nyumba banaipokonya, posho banaipokonya, banataka kunipandisha treni sawa mizigo. Na nyinyi munaniletea kanzu. Minyi niko muntu ya nani?"

Watu waliangalia miguu yao. Nje treni ilianza kupita, na tuliishukuru kwa makelele yake, lakini treni huisha, na ilipoisha Kapinga alikuwa bado amesimama pale akitungoja.

Tata Banza angeweza kujitetea. Angeweza kusema mama, umeelewa vibaya, na angekuwa amesema kweli. Aliliweka gauni mezani, akavua miwani yake, akaifuta muda mrefu.

"Mama," akasema, "ile ulizo yako iko mukubwa kupita hii kanzu. Leo hakuna muntu atapokea kintu. Kwanza tukujibu."

Akatuombea baraka, tukatoka. Nilimrudishia Kapinga mtoto wake mlangoni na sikuweza kumtazama usoni.

Alasiri wakaja nyumbani kwetu, Tata Banza, yule kapita, na watu wa ekipe wote. Nilikuwa nimesonga bukari, ugali wetu, na kupika samaki wakavu wa Kinkondja, na wakakaa nje kwenye magogo. Mmoja akasema, sheria ni ya Wazungu, sisi tutafanya nini. Mwingine akasema, yule mama ana akili, anaona mbali, tumchangie unga na samaki ili asafiri vizuri na watoto. Wengi wakaitikia, na kusema kweli lilikuwa wazo la huruma. Tata Banza akatikisa kichwa.

"Kumupa chakula ya njia, njo kumufukuza na tumbo ya kushiba," akasema. "Anauliza iko muntu ya nani. Hatumujibu na samaki."

Kisha akaeleza taratibu, kama alivyotufundisha katekismu. Wale waliotuma nguo, akasema, wana moyo mzuri, tuwaombee. Lakini shaba inapita hapa kila siku juu ya njia aliyoitengeneza Kalonji, inakwenda kwa watu wasiolijua jina lake, na kinachorudi kwa mjane wake ni gauni ambalo mtu amelichoka. Huko mbali hatufiki. Tunapofika ni hapa, kwenye ile nyumba. Halafu akauliza ni nani aliyepewa funguo.

Ilunga aliitoa mfukoni, akaiweka chini kando ya sahani ya bukari. Wenzake hawakuwa wakijua. Wakaitazama kama wameona nyoka.

Nilidhani wataanza kumsema. Tata Banza hakumwangalia hata Ilunga. Alinigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na tumbo langu.

"Mama, weye njo utalala mule na mutoto. Bwana yako hawezi kusema mbele yako. Sema weye."

Mwanangu, nilimchukia mzee yule kwa dakika nzima. Ningependa aamue yeye, nipate mtu wa kumlaumu. Nilikiangalia kibanda chetu, nikaona pale panapovuja kwenye paa, nikafikiria masika yanavyokuja. Nikafikiria na lile neno nililomwambia Kapinga sikioni. Mimi ndiye niliyemwambia hana watu. Tata Banza alisoma tu, lakini mimi ndiye niliyelitafsiri.

"Mumurudishie karani," nikasema, "tena kesho asubuhi, mbele roho yangu haijageuka."

Walicheka, na mimi nikaingia ndani nikalia. Nililia kwa ajili ya sakafu, sitakuficha.

Jumatatu Ilunga akairudisha. Karani akashangaa, akamwita aliyefuata, naye akakataa. Akamwita mwingine, akakataa. Ekipe nzima wakapita mlangoni pale, wote watu wa kulala kwenye nyasi, na hakuna aliyeinyooshea mkono ile funguo. Bwana mkubwa mwenyewe, Mzungu wa reli, akatoka, amewiva uso, akauliza ni ujinga gani huu. Kapita akavua kofia.

"Bwana, ile nyumba iko na bantu ndani."

Hilo tu. Walitishwa kufukuzwa, walitishwa kukatwa posho, na kapita akawa anarudia sentensi ileile kwa heshima ileile. Padri aliporudi kutoka vijijini alimfokea Tata Banza kwanza, kwa nini amefanya mambo bila yeye, unajua hawa watu wa reli walivyo. Tata Banza akamsimulia ulizo la Kapinga, neno kwa neno. Padri akatafuta kofia yake, akaenda ofisini kwa miguu juani. Alichosema huko sikijui. Aliporudi masikio yake yalikuwa mekundu, akatuambia kwamba Kapinga atakaa mpaka masika yaishe, na hatapandishwa treni yoyote bila kutaka mwenyewe.

Usidhani tulishinda vita. Posho haikurudi. Ilunga na wenzake wawili walihamishiwa kipande cha mbali cha njia, porini, kuadhibiwa tu, na nikawa namwona mara mojamoja. Mvua zikaanza, kubwa kuliko za mwaka uliotangulia. Uchungu ulinishika usiku mvua ikinyesha, niko peke yangu, sufuria zote zimejaa, nyasi za paa zimeanza kunidondokea. Nilipiga ukelele mmoja tu. Aliyeingia alikuwa Kapinga, ameloa mpaka mifupa, amemwacha mkubwa wake awaangalie wadogo. Alinitazama, akatazama paa, akasema, "Hapana hapa." Akanishika kiunoni, tukatoka nje kwenye tope, mimi nikisimama kila nikibanwa, yeye akinitukana kwa upendo nitembee.

Basi mama yako amezaliwa wapi? Amezaliwa kwenye ile sakafu ya simenti, mwanangu. Kapinga aliifuta kwanza, akatandika mkeka wake, akampokea mtoto kwa mikono yake. Nililala pale kwake wiki nzima, ubavu wangu unahisi ule ubaridi niliouota, na wale watoto watatu wakizunguka na kubishana ni nani atamshika mgeni. Nilicheka mpaka nikaumia tumbo. Nyumba niliyoikataa ilikuwa imenipokea, ila na wenyewe wakiwa ndani.

Siku zote uliniuliza kwa nini mama yako, mtoto wa Waluba wa hapa, anaitwa Kapinga, jina la Kasai. Ndiyo sababu.

Masika yalipoisha, ofisi ilimleta mfanyakazi kutoka Bukama asiyejua habari zetu, na Kapinga mwenyewe akamfagilia nyumba na kumpa funguo yake. Wakati huo kanisa lilikuwa limeshachoma matofali. Wanaume walijenga Jumapili baada ya ibada, sisi tukabeba maji na nyasi, na Tata Banza aliyekuwa hajui kujenga alitumwa kushika kamba na kunyamaza. Nyumba ya Kapinga ikasimama kule cité, mtaa wa watu weusi nje ya kambi, karibu na kisima. Siku ya kuezeka, Tata Banza aliyaleta yale magunia ya nguo, akayamwaga kwenye mkeka, akasema kila aliyefanya kazi achague. Hakuita jina la mtu. Mwenyewe alichukua koti lisilo na vifungo. Kapinga akachagua lile gauni la bluu, akalikata siku hiyohiyo, akamshonea mama yako vijinguo viwili. Mimi na yeye tulifanya biashara ya samaki wa Kinkondja miaka na miaka, tukagombana kila wiki, na nilipomzika kando ya Kalonji wake nilijiona nimekatwa mkono.

Yaliyokuja baadaye unayajua kwa kusikia. Wewe ulikuwa mgongoni. Miaka ile watu wa Kasai walipoambiwa warudi kwao, nilisimama stesheni nikawaona watoto wa Kapinga, wazee kwa mvi zao, wakipanda mabehewa na magodoro yao. Yule mkubwa, aliyewaangalia wadogo usiku wa mvua, alinipungia kwa kofia. Kanisa letu safari ile halikujibu kama lilivyojibu ile ya kwanza. Tata Banza alikuwa ameshakufa, na sisi wengine tulikuwa na hofu. Hilo linaniuma, na nitakwenda nalo mbele ya Mungu.

Wakati huo vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza majina. Walipolisikia la mama yako, mmoja akasimama mlangoni pangu, akaniuliza.

"Kapinga? Huyu iko muntu ya nani?"

Mwanangu, nilikuwa nimelingoja ulizo hilo tangu nikiwa msichana mwenye mimba, nimekaa kanisani na mtoto wa mwenzangu mikononi. Nikasimama katikati ya mlango.

"Iko yangu," nikamwambia. "Na mama yenye alimupa jina iko yangu vilevile. Ingine unauliza nini?"

Akaondoka.

Ndiyo maana jana nilinyamaza. Sikukatazi kugawa mchele. Watu wana njaa, wagawieni, tena mwingi. Lakini usimwite mtu mbele za watu kwa jina la shida yake ukampiga picha akiinama. Kwanza nenda kwake mkae. Umuulize ni nini kilichomfikisha hapo, maana mara nyingi kuna mlango fulani aliofungiwa na mtu fulani, na funguo iko mfukoni mwa mtu unayesali naye, wakati mwingine mfukoni mwako. Mkishajua, nendeni naye mpaka mlango huo, hata kama ni wa ofisi, hata kama mtarudi mmenyimwa na mmeadhibiwa. Na wale wa mbali ambao mali yetu inakwendea hadi leo, waombeeni, na msiogope kuwauliza wanamjua nani huku. Mkisema Baba Yetu siku hiyo ya Noeli, semeni polepole kwenye lile neno la pili.

Inama nikuwekee mkono. Mungu aliyemsikia Kapinga akusikie na wewe. Akupe nyumba isiyovuja, na mlango wake usigome mtu akibisha. Asikuache hata siku moja ukose mtu wa kusema wewe ni wake, na yeyote atakayekuuliza yeye ni mtu wa nani, ukute ameshakaa ndani ya ile Yetu. Amina. Haya, nenda kawaambie wenzako, na umpitie mama yako, mwambie nimemwekea samaki.